Siku Chache za Matembezi China: Beijing, Xi'an au Guilin?

Wengi wanaotua Guangzhou kutoka Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Lubumbashi huwa wamefuata bidhaa. Kiwanda kikishapokea malipo ya awali, mteja huambiwa asubiri mzigo ukamilike, na hapo hubaki siku tatu, nne au tano zisizo na kazi. Wengine ni wanafunzi wenye likizo fupi, au wazazi waliokuja kwenye mahafali ya watoto wao. Wote huuliza swali lilelile: nikitaka kutoka kidogo niione China yenyewe, niende wapi?

Majibu wanayopewa huwa matatu. Beijing, kwa kuwa ndio mji mkuu na Ukuta Mkuu uko huko. Xi'an, kwa ajili ya wale askari wa udongo waliozikwa karibu na kaburi la mfalme wa kale. Guilin, kwa ajili ya mto na vilima. Kila jibu ni sahihi kwa mtu fulani, ndiyo maana muulizaji hubaki na njia panda yake. Hapa naiweka miji hiyo kwenye mizani moja, nikichukulia kwamba safari inaanzia Guangzhou. Ombi langu la kwanza ni moja: usijaribu kuimaliza yote mitatu kwa safari moja fupi. Reli ya mwendokasi kutoka Guangzhou hadi Beijing ina urefu wa kilomita 2,298. TAZARA nzima, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ni kilomita 1,860. Nchi hii ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye ramani ya simu, na mwenye siku tano akitaka miji mitatu, sehemu kubwa ya siku zake itaishia stesheni.

Tunapima nini

Napima muda wa njiani na siku zinazotosha, vitu vyenyewe vya kuona, kazi inayoisubiri miguu, chakula na ibada, majira na umati, kisha fedha. Vitu vya kuona nimevipa nafasi kubwa kwa sababu ndivyo vinavyomtoa mtu hotelini. Suala la miguu wengi hulipuuza, nalo ndilo linaloharibu safari nyingi, hasa za wanaoongozana na wazee au watoto.

Njiani, na siku za kutenga

Guilin ndiyo ya karibu. Treni ya mwendokasi huchukua saa mbili na nusu hadi tatu, kwa reli iliyofunguliwa Desemba 2014. Ukiondoka asubuhi, chakula cha mchana unakila huko. Angalia tu jina la stesheni unapokata tiketi: stesheni iitwayo Yangshuo iko upande wa mji mdogo wa Xingping, mbali na mji wa Yangshuo wenyewe, ambako meli za mto kutoka Guilin huishia, na ukishuka hapo unapanda basi tena. Mto na vilima vya karibu vinatosha kwa siku mbili. Ukitaka na matuta ya mpunga ya Longji, tenga nne.

Beijing na Xi'an hazipishani sana. Kutoka Guangzhou kwa treni ni saa nane hivi, kwa ndege ni kama saa tatu. Mwenye haraka apande ndege, lakini anayependa kuona nchi asiidharau treni ya Beijing: unavuka Mto Yangtze kwenye mji wa Wuhan, baadaye unavuka Mto Manjano karibu na Zhengzhou, na katikati ya safari unashuhudia mashamba ya mpunga yakiisha na ya ngano yakianza. Xi'an inaweza kuonekana kwa siku mbili kamili bila kukimbizana. Beijing inadai tatu kwa uchache, nne ndizo zenye nafasi, kwa sababu Ukuta Mkuu peke yake unakula siku nzima.

Jambo la viza lisikupite. Hong Kong na Macau zina uhamiaji wao. Mwenye viza ya kuingia mara moja akienda kutembea Hong Kong atakuwa ametoka China bara kwa hesabu ya viza yake, na hataweza kurudi kuchukua mizigo Guangzhou. Miji mitatu ninayoilinganisha hapa iko yote bara, kwa hiyo haina tatizo hilo.

Unachokwenda kuona

*Beijing.* Kasri la wafalme, ambalo watalii hulijua kwa jina la Mji Uliokatazwa, lilijengwa kati ya 1406 na 1420 kwa amri ya mfalme Yongle. Wafalme 24 wa nasaba za Ming na Qing walitawala kutoka humo. Mtu wa pwani yetu ana sababu yake ya kulitazama kwa makini. Yongle huyu ndiye aliyeletewa twiga kutoka Malindi mwaka 1415, enzi za safari za merikebu za amiri wake Zheng He, na mwaka 2013 wanaakiolojia walipata kisiwani Manda, Lamu, sarafu iliyotengenezwa chini ya utawala wake. Ukisimama kwenye ua mkubwa wa Kasri, unasimama nyumbani kwa mtu ambaye habari za Malindi zilimfikia miaka mia sita iliyopita. Kwangu mimi hilo linazidi dhahabu ya paa.

Mgeni anaingia kwa lango la kusini na kutokea kaskazini. Umati mzima hufuata mstari wa katikati, ukumbi baada ya ukumbi, na kila mlango wenye kiti cha enzi ndani yake huzibwa na watu walioinua simu. Fuata mstari huo hadi ukumbi wa tatu, kisha kata mashariki uingie nyua za pembeni, kwenye maonyesho ya vito vya wafalme ambayo yana tiketi ya nyongeza ya yuan 10. Huko kuna miti na vivuli, kuta nyembamba nyekundu, na vyumba ambamo unaona kwamba hapa waliishi watu, ilhali ua wa mbele hukuonyesha utawala tu. Ukitoka kaskazini, vuka barabara upande kilima cha Jingshan. Kiingilio ni kidogo mno, kupanda ni kama dakika kumi na tano, na kutoka juu ndipo mapaa yote ya manjano yanapotandazika mbele yako kwa mpango wake. Wengi huwa wamechoka na hukiruka. Ningekuwa na uwezo wa kumlazimisha msafiri kitu kimoja Beijing, kingekuwa hiki.

Ukuta Mkuu uko nje ya mji, na una sehemu nyingi. Badaling ndiyo maarufu, na tangu mwisho wa 2019 treni ya mwendokasi inafika jirani, hivyo mtu asiye na mwenyeji anaweza kwenda mwenyewe. Gharama yake ni umati: siku za sikukuu unapanda ukiwa umebanwa mbele na nyuma. Mutianyu, kama kilomita 70 kaskazini mwa mji, inahitaji basi au gari la kukodi, lakini ina minara 23 iliyozungukwa na msitu, na wageni hutawanyika. Kuna vigari vya kuning'inia kwenye waya vya kukupandisha, na kitelezo cha kukushusha ambacho watoto hawakisahau. Mimi huelekeza watu Mutianyu.

Kwa asubuhi iliyobaki, nenda Hekalu la Mbingu mapema. Jengo lenyewe, lililojengwa kwanza mwaka 1420 na kujengwa upya baada ya kuungua mwaka 1889, ni zuri sana, lakini mapema asubuhi wastaafu wa Beijing huja kwenye bustani yake kucheza karata, kuimba kwaya na kufanya mazoezi, na mgeni anayekaa kwenye benchi kutazama hupata picha ya mji huu ambayo Kasri haiwezi kumpa.

*Xi'an.* Machi 1974 wakulima waliokuwa wakichimba kisima huko Lintong, mashariki mwa Xi'an, walikuta vipande vya sanamu. Ndivyo lilivyogunduliwa jeshi la udongo la Qin Shi Huang, mfalme aliyeiunganisha China mwaka 221 KK na kufa mwaka 210 KK. Wataalamu hukadiria kuwa askari wote ni kama 8,000, na wengi wao bado wako ardhini.

Picha ulizoziona zinaonyesha safu za mbele za shimo namba moja. Ukifika utakuta shimo hilo lina urefu wa mita 230 na upana wa mita 62, limefunikwa na paa kama la stesheni, nawe unalitazama kutoka juu, kwenye ukingo. Watu hujazana mbele, wanapiga picha, wanaondoka. Endelea kutembea hadi nyuma. Huko kuna askari waliolala vipande vipande kama walivyokutwa, na wengine waliosimama nusu, wamefungwa kamba wakingoja kiungo kinachokosekana. Ndipo unapoelewa kwamba kila askari uliyemwona mbele ameunganishwa kwa mkono, kipande kwa kipande, na kwamba kazi bado inaendelea. Sura zao hazifanani: huyu ana mashavu manene, yule ndevu zimesokotwa. Walipozikwa walikuwa wamepakwa rangi, na rangi hiyo huanza kubanduka muda mfupi baada ya kufukuliwa. Hiyo ni sababu moja ya wataalamu kutokuwa na haraka. Kaburi la mfalme mwenyewe halijafunguliwa hadi leo, ni kilima tu chenye miti. Naiheshimu sana nchi inayojizuia hivyo, yenye hazina chini ya miguu yake na ikasema bado hatujawa tayari.

Anza na mashimo namba tatu na namba mbili, ambayo ni madogo, umalizie namba moja. Ukianza na kubwa, mengine mawili hutayapa haki yake.

Ukirudi mjini kuna ukuta wa Xi'an, wa karne ya 14, ambao haujakatika: unauzunguka mji wa kale kwa kilomita 13.7. Juu ni mpana kama barabara, na baiskeli zinakodishwa pale pale malangoni. Kuzunguka wote kwa mwendo wa taratibu ni saa mbili hivi, na saa za jioni taa zinapowashwa ndizo nzuri zaidi. Kisha kuna Msikiti Mkuu, uliofichwa nyuma ya vichochoro vya mtaa wa Waislamu wa Kihui. Kwa mapokeo ulianzishwa mwaka 742, na majengo yaliyopo ni ya enzi za Ming na baadaye. Hauna kuba, wala hauna mnara wa aina tunayoijua Lamu au Zanzibar. Ni nyua tano zinazofuatana, zenye mapaa ya Kichina na miti ya kale, na mwisho wake ukumbi wa sala unaoelekea magharibi, kwa sababu kutoka hapa kibla kiko magharibi. Asiye Mwislamu anatembea uani lakini haingii ukumbini. Mwislamu anayetaka kusali aseme tu "salaam alaikum" mlangoni, na atapokewa.

*Guilin na Yangshuo.* Hapa hakuna mfalme. Kuna Mto Li, na kando yake vilima vya mawe ya chokaa vilivyosimama kimoja kimoja, vimevaa majani hadi kileleni. UNESCO iliviingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2014. Safari ya kawaida ni meli ya asubuhi kutoka Guilin hadi Yangshuo, kilomita 83 hivi, kwa saa nne au zaidi. Karibu na Xingping abiria wote husimama na kutoa noti ya yuan 20, kwa sababu mandhari iliyochorwa nyuma yake ni ile iliyo mbele yao.

Kuna na vyelezo, na hapa wageni huchanganyikiwa. Vile vya Mto Li, kati ya Yangdi na Xingping, huuzwa kwa jina la mianzi, lakini vimeundwa kwa mabomba ya plastiki na vina injini. Si vibaya, vinakufikisha karibu na maji kuliko meli, ila vina kelele. Chelezo cha mianzi ya kweli, kinachosukumwa kwa upondo na mtu aliyesimama nyuma, kiko kwenye Mto Yulong, tawi dogo karibu na mji wa Yangshuo. Ukiwa na nafasi ya kimoja tu, chukua cha Yulong. Baada ya hapo kodi baiskeli ufuate njia za kando ya mto katikati ya mashamba. Njia ni tambarare, na hakuna anayekuharakisha.

Longji ni jambo lingine kabisa: matuta ya mpunga yaliyochongwa mlimani na jamii za Wazhuang na Wayao wa China kwa karne nyingi, kwenye wilaya ya Longsheng, kaskazini mwa Guilin. Mei na Juni yanajaa maji na kung'aa, mwishoni mwa Septemba mpunga unaiva na mlima mzima unageuka dhahabu. Aliyekulia Usambara au Kabale ataangalia matuta haya kwa jicho la mkulima, na atajua kazi iliyomo. Lala huko usiku mmoja, kijiji cha Ping'an au Dazhai, maana wanaokwenda na kurudi siku hiyo hiyo hufika mchana, wakati jua ni kali na mwanga hauna kivuli.

Kasoro za Guilin nizitaje pia. Mji wenyewe ni wa kawaida. Mtaa wa Magharibi wa Yangshuo usiku ni muziki na maduka, si utulivu. Na ukikutana na mvua nzito, vilima vinapotea.

Kazi inayoisubiri miguu

Beijing ndiyo nzito kuliko zote. Kasri ni mawe matupu, mabenchi machache, na kutoka lango la kusini hadi la kaskazini, pamoja na foleni ya ukaguzi kabla ya kuingia, ni nusu siku ya kusimama. Ngazi za Ukuta Mkuu hazilingani: moja inafika kisiginoni, inayofuata inafika gotini. Mzee mwenye shida ya magoti anaweza kufika kwa vigari vya waya na kutembea mnara mmoja au miwili, asilazimishwe zaidi.

Xi'an ni ya wastani. Mji ni tambarare, na eneo la askari lina vigari vya umeme vya kupunguza mwendo. Guilin kwa upande wa mto ndiyo nyepesi kabisa, kwa sababu mandhari inakuja kwako ukiwa umekaa. Longji ndiyo inayobadilisha hesabu. Nyumba za wageni ziko juu, magari yanaishia chini, na mizigo hubebwa na akina mama wa Kiyao kwa vikapu vya mgongoni, kwa malipo. Begi kubwa liache Guilin.

Chakula na ibada

Kwa Mwislamu, Xi'an haina mpinzani kati ya hizi tatu. Mtaa mzima ni halali: mishikaki ya kondoo, mkate uliojazwa nyama ya ng'ombe, na yangrou paomo, supu ya kondoo ambayo unaletewa mkate mkavu uumegemege mwenyewe kwenye bakuli kabla ya kumwagiwa mchuzi. Anayependa kuchovya ugali kwenye supu hatahitaji maelezo. Asiye Mwislamu naye atakula vizuri hapo hapo.

Beijing ina jamii ya Wahui ya muda mrefu. Msikiti wa Niujie ulianzishwa mwaka 996, na mtaa unaouzunguka una migahawa na wachinjaji wa halali. Bata wa kuokwa wa Beijing pia anapatikana kwenye migahawa ya halali, usidhani lazima umkose. Ila Beijing ni pana, na mgahawa unaoutaka unaweza kuwa vituo kumi vya metro kutoka ulipo.

Guilin ndiyo inayohitaji tahadhari. Tambi za mchele za Guilin ni nzuri na za bei ndogo, lakini mara nyingi zina nguruwe au mafuta yake. Samaki maarufu wa Yangshuo hupikwa kwa bia, kwa hiyo mtu anayedhani "samaki ni salama" aulize kwanza. Popote uendapo, tafuta neno *qingzhen*, yaani halali, kwenye bango, kwa kawaida la kijani na lenye maandishi ya Kiarabu. Kwa wale wasio na masharti ya dini, tofauti kubwa ni nafaka: kaskazini ni ngano, tambi na mikate, na kusini ni wali.

Majira na umati

Kwa Beijing na Xi'an, Aprili, Mei na miezi ya Septemba na Oktoba ndiyo mizuri. Januari Beijing huganda, na upepo wake ni mkavu. Anayetoka Mombasa bila koti zito atapata shida ya kweli. Julai na Agosti ni joto kali, likizo za shule, na watoto kila mahali. Guilin ina mvua nyingi kati ya Aprili na Juni, na katika miezi mikavu ya majira ya baridi maji ya mto hupungua hadi safari za meli kufupishwa. Vuli ya huko, yaani Septemba hadi Novemba, ndiyo nzuri.

Wafanyabiashara wanaokuja kwa Maonyesho ya Canton, yale makubwa ya biashara ya Guangzhou, waangalie jambo hili. Maonyesho ya vuli huanza 15 Oktoba, wiki moja baada ya sikukuu ya taifa, na kuanzia hapo miji yote mitatu iko katika hali nzuri kwa hali ya hewa na kwa nafasi. Maonyesho ya masika huanza 15 Aprili, Guilin ikiwa na mvua, na mwisho wake hugongana na mapumziko ya 1 Mei. Mtu wa masika aelekee kaskazini, na aende kabla ya mwisho wa Aprili. Tarehe 1 hadi 7 Oktoba, siku za mwanzo wa Mei na mwaka mpya wa Kichina, usiende popote kama una hiari.

Tiketi ya Kasri hufunguliwa siku saba kabla, kwa jina na namba ya paspoti, na siku nyingi huisha. Jumatatu Kasri hufungwa, isipokuwa ikiangukia sikukuu. Tiketi ya askari wa udongo nayo ikatwe mapema kwa paspoti. Guilin ina uhuru zaidi, unaweza kuamka na kuamua.

Fedha na simu

Kasri ni yuan 60 kuanzia Aprili hadi Oktoba, yuan 40 miezi mingine. Askari wa udongo ni yuan 120, kupanda ukuta wa Xi'an ni yuan 54 bila baiskeli. Meli ya Mto Li ndiyo ghali, mamia ya yuan kwa mtu, na bei hutegemea daraja na chakula. Upande wa nauli mambo yanageuka: treni ya daraja la pili hadi Guilin ni chini ya yuan 200 kwenda, ilhali ya Beijing au Xi'an hukaribia au kupita yuan 800. Hoteli za Beijing za katikati ya mji ni za juu, za Xi'an na Yangshuo ni nafuu. Kwa jumla, Beijing itakugharimu zaidi kwa sababu ya siku zake nyingi, ingawa vivutio vyake vyenyewe ni rahisi.

Malipo ni kwa simu. Unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard na Alipay au WeChat ukiwa bado nyumbani, kwa sababu benki huenda ikatuma ujumbe wa kuhakiki kwenye laini yako ya nyumbani. WhatsApp na Google hazifunguki kwa intaneti ya kawaida ya huko, ila laini ya nyumbani iliyowashwa huduma ya nje ya nchi kwa kawaida huzifungua. Ukilala kwa rafiki badala ya hotelini, sheria inataka ujiandikishe polisi ndani ya saa 24. Hotelini hoteli hukufanyia.

Mtu mweusi ataombwa picha katika miji yote mitatu. Wanaoomba mara nyingi ni familia zilizotoka mikoani ambazo nazo ni watalii, na wengi wana adabu. Ukikubali, tabasamu, usipotaka, tikisa mkono na uendelee, hakuna atakayekasirika. Penye msongamano zaidi, yaani Kasri na shimo namba moja, ndipo maombi huwa mengi. Kwenye njia za baiskeli za Yulong utaachwa na amani yako.

Nani aende wapi

Mwenye siku mbili, au asiye na uhakika kama kiwanda kitamwita, aende Guilin na Yangshuo, aache Longji. Mwenye wazazi wazee pia, mradi si msimu wa mvua. Aliyeoa majuzi, au aliyechoka na hesabu za kontena na anataka kupumua, hatapata mahali pazuri zaidi.

Mwislamu anayesafiri na familia na hataki kila mlo uwe uchunguzi, nampeleka Xi'an bila kusita. Vivyo hivyo mwalimu wa historia, mwanafunzi, au mtu yeyote anayevutwa na vitu vya kale. Ni mji pia unaomfaa anayesafiri peke yake kwa mara ya kwanza, kwa kuwa mambo yake makubwa yako sehemu mbili tu, ndani ya ukuta na kule Lintong.

Anayedhani hatarudi China tena, na akifika nyumbani ataulizwa kwanza kuhusu Ukuta Mkuu, aende Beijing. Ila awe na siku nne, miguu mizima, na tiketi ya Kasri mkononi. Akiwa na siku mbili tu, au akifika Jumapili jioni na kuondoka Jumanne asubuhi, Beijing itamwonyesha foleni tu. Wenye watoto wa miaka kumi na kuendelea wataufurahia Ukuta, lakini wenye watoto wa kubebwa wafikirie mto.

Na aliyejaliwa siku nane au zaidi anaweza kuunganisha miwili. Xi'an na Beijing zinaendana, treni kati yake ni saa nne na nusu hadi sita. Anza Xi'an, malizia Beijing, urudi Guangzhou kwa ndege. Kata tiketi ya Kasri kabla ya tiketi za kuingia kwingine kote, halafu siku nyingine zote uzipange kuizunguka hiyo.